Ripoti za Paris na Geneva Huanzia Kwenye Benchi la Korti ya Winam

Kila mwaka inapokaribia tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, simu yangu huanza kulia. Hunipigia watu wa redio, wanafunzi wa uanahabari, hata binamu yangu wa Ahero, na swali huwa ni lile lile: safari hii Kenya tumekuwa wa ngapi kwa uhuru wa habari? Mwaka 2025 jibu lilikuwa 117 kati ya nchi 180. Mwaka uliotangulia tulikuwa wa 102, mwaka 2023 wa 116, na mwaka 2022, kabla hatujaporomoka, tulikuwa wa 69. Nambari hizo hutolewa na shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka, RSF, lenye makao yake Paris. Zikishatoka, husomwa hewani kama matokeo ya mtihani wa KCSE, halafu kufikia Jumatatu hakuna anayezikumbuka.

Mimi ni mwandishi wa mahakamani. Kazi yangu ni kukaa kwenye mabenchi ya nyuma pale Kisumu, Winam, Maseno na mara nyingine Nyando, nisikilize kesi, niandike. Silipwi kwa mwezi; nalipwa kwa habari iliyochapishwa, na nauli ni yangu. Ndiyo maana nina neno la kusema kuhusu hawa wanaotupima kutoka mbali. Nawaheshimu sana, na kazi yao imewahi kuokoa watu. Lakini wengi wetu hatujui kwamba jicho la Paris au Geneva haliwezi kuona mbali kuliko yule aliyekaa ndani ya chumba cha korti akiwa na daftari. Mahali asipokaa mtu, ripoti ina shimo, na shimo halina nambari.

Hebu tuangalie wanavyofanya kazi. RSF huhesabu mashambulizi na vifungo vya wanahabari, kisha hupeleka dodoso refu kwa wanahabari, watafiti na watetezi wa haki, wakiuliza juu ya siasa, sheria, uchumi, jamii na usalama. Kamati ya Kulinda Wanahabari, CPJ, iliyoko New York tangu 1981, hufuatilia kisa kimoja kimoja: jina, tarehe, mahali, kilichotokea, na polisi walisema nini. Upande wa mahakama, Umoja wa Mataifa una Ripota Maalumu wa uhuru wa majaji na mawakili tangu 1994. Kwa sasa ni Margaret Satterthwaite. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilianza 1952, na tawi lake la Kenya lipo tangu 1959, kabla hata ya bendera yetu. Tena kuna ile tathmini ya Umoja wa Mataifa ambapo kila nchi huketishwa Geneva na kuulizwa maswali na nchi nyingine kuhusu haki za binadamu. Kenya imeshaketishwa 2010, 2015, 2020 na 2025.

Nimewahi kujaza dodoso la shirika moja la nje. Maswali yalikuwa mazuri, ya kuweka alama kutoka chini hadi juu. Je, waandishi hujizuia kuandika? Je, kuna shinikizo la matangazo ya biashara? Niliweka alama zangu. Ila hakukuwa na nafasi ya kueleza jinsi kituo kimoja cha redio huku kwetu kilivyonyimwa matangazo baada ya kurusha kesi ya zabuni iliyomhusu mkubwa fulani, kisha mtangazaji akaambiwa kwa upole, "Dada, hizo za korti tuziache kidogo." Hakuna aliyepigwa wala kukamatwa. Kesi ile iliendelea bila masikio ya umma, na hakuna orodha yoyote duniani iliyoliandika jambo hilo.

Wanaodhani matangazo ni jambo dogo wakumbuke Machi 2024, serikali ilipoagiza matangazo yake yote yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake. Agizo lile lilifikishwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikaja kulibatilisha. Hapo ndipo ninapoona wazi kwamba uhuru wa habari na uhuru wa mahakama ni mguu wa kulia na wa kushoto. Jaji akiogopa, mwandishi hana pa kukimbilia. Mwandishi akinyamazishwa, jaji anaweza kutishwa mchana kweupe na mtu yeyote asijue.

Mwaka 2017 ulinifundisha mengi kuhusu wapimaji. Baada ya kura ya tarehe 8 Agosti, waangalizi wa kimataifa walisimama mbele ya kamera Nairobi: John Kerry akiwa na ujumbe wa Carter Center, Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, Marietje Schaake wa Umoja wa Ulaya. Kwa haki, zilikuwa taarifa za awali, na walisema hivyo. Lakini huku Kisumu zilisikika kama hukumu: wakubwa wameshasema mambo yalikwenda vizuri, waliolalamika waende nyumbani. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikafuta uchaguzi wa rais kwa kura nne dhidi ya mbili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Majaji walikuwa wameagiza seva zifunguliwe na fomu zikaguliwe, na tume ya uchaguzi haikutii ipasavyo. Mtaani Kondele hapa Kisumu kulilipuka shangwe siku ile hadi magari yakashindwa kupita.

Tofauti ilikuwa nini? Waangalizi walitembelea vituo vya kura. Majaji waliomba karatasi. Tangu siku ile, ripoti yoyote ya kimataifa ikiniangukia mkononi, swali langu la kwanza ni kama aliyeiandika aliona karatasi au alitembezwa tu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyowapa wapimaji kazi yao halisi. Rais wa wakati huo aliwaita majaji wale wakora, akaahidi kwamba angelishughulikia jambo hilo baadaye. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi akajeruhiwa. Kesho yake, kesi ya kutaka uchaguzi wa marudio usimamishwe ilipotajwa, walifika majaji wawili tu, ilhali walitakiwa angalau watano. Kesi haikusikizwa. Nilitazama tangazo lile kwenye televisheni ya hoteli moja hapa mjini pamoja na mawakili waliokuwa wamenyamaza kimya. Uhuru wa mahakama huanguka namna hiyo: viti vitano vitupu, bila sheria yoyote kubadilishwa.

Baadaye ukaja ule uamuzi wa kuwakalia majaji 41 waliopendekezwa na Tume ya Huduma ya Mahakama mwaka 2019. Katiba haimpi rais nafasi ya kuchagua anayemtaka katika orodha ile, lakini majina yalikaa hadi Juni 2021, mmoja akiwa ameshafariki, ndipo rais akaapisha 34 na kuwaacha sita. Mmoja wa hao sita, Joel Ngugi, wanamjua vizuri watu wa Nakuru, kwa kuwa alikuwa jaji wao. Sita hao waliteuliwa Septemba 2022 na rais aliyefuata. Naye huyo aliyefuata, mwanzoni mwa 2024, akaanza kuwashambulia majaji hadharani kwa madai ya ufisadi na kusema hatatii maagizo fulani, hadi mawakili wakaandamana. Nayataja haya yote mawili pamoja kwa makusudi. Msomaji anayefurahia jaji akitukanwa na kiongozi wake, halafu akalia jaji akitukanwa na kiongozi wa wenzake, hajaanza kuutetea uhuru wa mahakama.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu Agosti ile ile ya 2017 ndiyo iliyotuachia jina la Samantha Pendo. Alikuwa mtoto wa miezi sita, wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, aliyepigwa polisi walipoingia nyumba kwa nyumba usiku baada ya matokeo. Alifariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo chake ulifanyiwa katika korti ya hapa Kisumu, na mwezi Februari 2019 Hakimu Beryl Omollo akatoa uamuzi ulioelekeza lawama kwa polisi, wakiwemo makamanda.

Wasiokaa kortini hawajui uchunguzi wa aina hiyo unavyochosha. Karani anaita faili. Wakili wa upande mmoja hajafika. Shahidi yuko safarini. Kesi inatajwa, inapangiwa siku nyingine. Mama wa marehemu anasimama, anakunja leso yake, anatoka. Waandishi waliokuwa kumi siku ya kwanza wanabaki wawili. Hapo ndipo uhuru wa hakimu unapopimwa: kiti cha mbao, feni isiyofanya kazi, na chumba chenye maafisa wa polisi wengi kuliko wananchi. Hakuna kamera za dunia. Hakimu anaweza kuandika uamuzi laini na asiulizwe na yeyote. Yule aliandika uamuzi mgumu, na waandishi waliokuwapo wakaupeleka nje neno kwa neno. Mwaka 2022 mkurugenzi wa mashtaka akaidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa matukio ya Kisumu ya 2017. Human Rights Watch na Amnesty walikuwa wamekwisha kuandika kuhusu ghasia zile, na ripoti zao zilisaidia sana kelele isizimike. Ila zilisimama juu ya ushahidi wa watu wa Nyalenda, Obunga na Manyatta waliokubali kusema, na juu ya uamuzi ulioandikwa na hakimu wa hapa.

Huku magharibi tuna jina jingine ambalo wanahabari vijana hawalijui, na hilo huniuma. Francis Nyaruri aliandikia gazeti la Weekly Citizen habari za ufisadi katika ujenzi wa nyumba za polisi huko Nyamira. Alitoweka Januari 2009. Mwili wake ulipatikana wiki mbili baadaye katika msitu wa Kodera, ukiwa umeteswa. Wakati huo sisi waandishi wa huku tuliambiana tusisafiri peke yetu, na wengine waliacha kabisa kuandika habari za polisi. CPJ walilishika jina lake na hawakuliachia; ukitafuta leo utalikuta kwenye orodha yao. Miaka sita baadaye, mwisho wa Aprili 2015, John Kituyi, mhariri wa Mirror Weekly, aliuawa Eldoret akielekea nyumbani. Hawa hawakuwa watangazaji wa televisheni za Nairobi. Walikuwa wenye magazeti madogo ya mikoani, na kama si watu wa nje waliohifadhi majina yao, nchi hii ingekuwa imeshawasahau. Hapo nawashukuru wapimaji kwa moyo wangu wote.

Na Nakuru. Julai 2024, wakati wa maandamano ya vijana, Catherine Wanjeri Kariuki wa kituo cha Kameme alipigwa risasi ya mpira mguuni akiwa kazini, amevaa koti linaloonyesha wazi kwamba ni mwanahabari. Aprili 2025, mji ule ule, wasichana wa shule ya Butere walifika kuigiza mchezo wao katika tamasha la kitaifa la maigizo. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani, ukumbi hauna watazamaji, kwa kuwa watu walifukuzwa kwa gesi ya kutoa machozi, na waandishi waliokwenda kuripoti nao wakasukumwa na kuumizwa. Siku moja, uwanja mmoja: amri ya korti imedharauliwa, wanahabari wamezuiwa, na waliokuwa katikati ni wanafunzi waliovaa sare. Anayetaka kujua kwa nini mambo haya mawili hupimwa pamoja asome kisa hicho tu.

Kuna kipimo ambacho mimi hukitumia, na ningependa wapimaji wakipe uzito zaidi: amri ya korti ikitolewa, inatiiwa baada ya muda gani? Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima televisheni za NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kuonyesha kiapo cha kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Raila Odinga, kule Uhuru Park. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe hewani. Siku zikapita, skrini ni nyeusi, na waliokwenda kukabidhi amri walifungiwa milango. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo lile, na safari hii matangazo yalirudi upesi. Nambari ya RSF ya 2025 haikuweza kulionyesha hilo, maana ilishatoka karibu miezi miwili kabla. Mimi naliona ni jambo kubwa. Halitufanyi wazuri, maana mitambo haikupaswa kuzimwa hata dakika moja, lakini linaonyesha kwamba karatasi ya jaji ilikuwa na nguvu kuliko miaka saba kabla ya hapo.

Nasikia sana hoja kwamba haya ni mambo ya wazungu, wametoka kwao kuja kutupa alama. Najibu kila mara, tena bila hasira. Tarehe 3 Mei yenyewe ilitokana na mkutano wa wanahabari wa Afrika uliofanyika Windhoek, Namibia, mwaka 1991. Mkataba wa Haki za Binadamu wa Afrika unalinda uhuru wa kujieleza na uhuru wa mahakama, na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 2, inasema mkataba tuliouridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Ripota Maalumu wa kwanza wa majaji na mawakili alikuwa Param Cumaraswamy wa Malaysia. Alipoeleza wasiwasi wake kuhusu mahakama za nchi yake kwenye jarida moja, kampuni zilimshtaki nyumbani kwa kuwachafulia jina, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ikasema mwaka 1999 kwamba alikuwa na kinga kwa maneno aliyoyasema akiwa kazini. Mwangalizi wa majaji alihitaji kulindwa dhidi ya korti kwa sababu ya mahojiano. Na huko hakuna mzungu.

Tena Arusha si mbali. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko huko, iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa jela kwa makala yaliyomtuhumu mwendesha mashtaka, na ikasema kifungo kile kilivunja haki yake. Miaka miwili na ushei baadaye, Februari 2017, Mahakama Kuu yetu ilifuta kosa la jinai la kumchafulia mtu jina, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Kwangu mimi hilo si somo la chuo. Kabla ya hapo, niliwahi kutolewa nje ya korti na afisa aliyenishika mkono akaniambia, "Madam, ukiandika jina langu utalala ndani," na wakili niliyempigia alinijibu kwamba sheria inamruhusu kujaribu. Leo anayeudhika na habari yangu anaweza kunishtaki anidai fidia. Kunifunga kwa kosa hilo hawezi.

Kwa hiyo niseme ninachokiomba. Wanaotafiti kutoka nje wasiishie Nairobi. Wakija Kisumu wasikae tu kwenye hoteli za kando ya ziwa wakiwahoji watu wanaojua kuhojiwa. Waje Winam asubuhi wasome orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani, wahesabu ngapi zimeahirishwa na kwa sababu gani. Waulize kama waandishi wanapewa kiungo cha vikao vya mtandaoni au wanaachwa nje. Wamuulize hakimu ana ulinzi gani. Juni 2024 hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi Makadara na afisa wa polisi, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Londiani, baada ya kufuta dhamana ya mke wa afisa huyo. Hakimu huyo alikuwa akisikiza kesi ndani ya hema. Akafa. Hakimu wa mashinani ndiye anayekutana na wenye bunduki kila siku, lakini ripoti nyingi hujaa majina ya majaji wa Mahakama ya Juu.

Na nyinyi wenzangu wa Siaya, Busia, Kakamega, Homa Bay: mkikaa kortini, andikeni nambari ya kesi, tarehe, jina la hakimu, amri aliyotoa kwa maneno yake mwenyewe, kisha baada ya mwezi rudini muulize kama imetekelezwa. Mwenye nakala ya amri iliyopuuzwa, yenye muhuri, anitumie. Naziweka pamoja, na mtafiti yeyote wa maana akinitafuta nampa, mradi hakuna jina la mtoto wala la mwathiriwa wa dhuluma za kingono.

Wiki ijayo nitakuwa Winam Jumanne na Maseno Alhamisi. Mwanafunzi wa uanahabari anayetaka kukaa nami afike saa mbili na nusu asubuhi, abebe kitambulisho na kalamu mbili, na simu aizime kabla ya kuingia mlangoni.